Insafu kwa Magari Makuukuu

Watu wengi hulihukumu gari siku litokapo bandarini, rangi yake ikimeremeta na viti vyake vingali vimefunikwa nailoni, wakalisifu umbo, wakaulizana bei na kasi, kisha wakaamini kwamba wamekwisha kulijua. Lakini mimi, niliyelelewa Mombasa katika zama ambazo gari moja lilimtumikia baba, likarithiwa na mwana na aghalabu likamchukua mjukuu madrasa, nashikilia rai iliyo kinyume cha hiyo, nayo ni kwamba tabia ya gari haijulikani mpaka siku liharibikapo njiani, mbali na mji, adhuhuri ya jua kali, na dereva akafungua boneti akatazama ndani. Gari ambalo saa hiyo humwonyesha mtu wa kawaida mahali palipo na ila, likampa nafasi ya kuingiza mkono na spana, na likaridhia kutengenezwa kwa waya, kipande cha mpira na sabuni ya kuzibia tangi mpaka lifike nyumbani, hilo ndilo gari lenye murua. Lile lisilofunguka ila kwa chombo kilichoko ng'ambo silihesabu katika mema, hata nasaba yake iwe ya kifalme.

Rai hii sikuitoa kitabuni. Niliipokea kwa ami yangu, mdogo wake marehemu baba, ambaye katika miaka ya 1960 alikuwa dereva wa Peugeot 404 ya safu tatu za viti, akichukua abiria kutoka Mwembe Tayari kwenda Malindi na kurudi. Njia ile ilikuwa na vituo vyake vya subira. Ulitoka kisiwani kwa daraja la kale la Nyali, lililokuwa likielea juu ya maji tangu 1931, ukapita Mtwapa, ukafika Kilifi, na Kilifi hapakuwa na daraja mpaka 1991, kwa hiyo magari yote, la tajiri na la maskini, yalipanga foleni kuingojea feri.

Pale ukingoni, baina ya wauza korosho na wauza madafu, madereva walishuka wakakaa kivulini, likafunguka baraza ambalo mimi, kijana niliyechukuliwa ili nifunge mizigo juu ya keria, nililisikiliza kwa hamu kuliko darasa lolote la shule. Mmoja alishikilia kwamba gari la Kijerumani halijui mzaha: ukilitendea haki hukutumikia, ukilidhulumu hukuadhibu papo hapo, wala halisahau. Wa pili alijibu kwamba gari la Kiingereza lina adabu zote za kuishi na watu isipokuwa moja tu, ya kuvumilia jua. Wa tatu, aliyeendesha lori la Bedford lenye bodi ya mbao, alitangaza kuwa magari madogo yote ni mapambo, na kwamba chombo kisichoweza kubeba magunia ya nazi, na juu ya magunia jamaa zake mwenye nazi, hakistahili kutozwa kodi ya barabara. Ami alinyamaza mpaka wote walipokwisha kusema, kisha akatoa neno lake: "Mabwana, mimi sibishani na gari la mtu. Naomba kila mmoja anionyeshe mikono yake tukifika Malindi." Wakacheka wote, kwa kuwa walijua mikono ya ami ilikuwa na grisi hadi viwikoni, ila grisi ile ilikuwa ya matengenezo ya alfajiri, nyumbani, na baina ya grisi ya alfajiri na grisi ya njiani kuna tofauti kubwa ambayo kila dereva wa pwani aliifahamu.

Nami nikiulizwa leo ni gari gani lililostahili sifa kuliko yote yaliyopita katika ardhi yetu, sitasita: ni Peugeot 404. Lilitoka 1960, umbo lake likichorwa na nyumba ya Pininfarina ya Italia, lakini sisi hatukulipenda kwa umbo. Injini yake ililazwa upande kwa nyuzi 45, na silinda zake zilikuwa mabomba yaliyoweza kuchomolewa. Maana yake ni kwamba pale ambapo gari jingine likiisha kulika ndani lilipaswa kupelekwa karakana kubwa likachongwe kwa mashine, 404 lilivuliwa mabomba yake ya zamani na kuvikwa mapya chini ya mwembe, kwa mikono ya fundi mmoja na msaidizi wa kumpa spana. Feni yake haikuzunguka wakati wote; ilishikwa kwa sumaku ya umeme pale tu maji ya rejeta yalipopata moto, jambo ambalo fundi wa Majengo aliyelihudumia gari la ami alilitaja kila mara kuwa ni ushahidi kwamba mtu aliyelibuni alikuwa na mke mwenye kubana matumizi. Betri ilipokufa, palikuwapo hendeli. Springi zake zilikuwa ndefu na laini, hata mashimo ya barabara ya Malindi, ambayo wakati wa masika yaliweza kumsitiri mbuzi, yaliwafikia abiria yakiwa ni habari tu. Siku moja nilimwuliza ami, "Kwa nini gia za gari hili ziko ubavuni mwa usukani na si chini?" Akanijibu, "Mwanangu, wametuachia nafasi ya abiria wa tatu hapa mbele." Wahandisi wa kiwanda cha Peugeot kule Sochaux bila shaka walikuwa na sababu zao nyingine, lakini hiyo ya ami ndiyo iliyolisha watoto.

Ushahidi wa pili wa sifa hizo ulikuja kwa njia ya redio. Mashindano ya magari ya Safari yalianzishwa 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika, katika vumbi na tope ambalo madereva wa Ulaya hawakuwa wamewahi kuliona. Nasi vijana tulikusanyika wakati wa Pasaka mbele ya duka lenye redio kubwa ili tusikie nani ametoka na nani amezama. Mwaka 1963 yalianza magari 84 yakamaliza 7 tu, na la kwanza katika hayo saba lilikuwa Peugeot 404 la Nick Nowicki na Paddy Cliff. Mwaka 1966, na tena 1967, ushindi uliwaendea Bert Shankland, mkaazi wa Dar es Salaam, na mwenzake Chris Rothwell, katika 404 vilevile; na 1968 Nowicki na Cliff wakarudi wakashinda mara ya pili, na mara ile nayo magari yaliyofika yalikuwa 7. Ami hakupiga kelele habari hizi zilipotangazwa. Alitoka nje, akachukua kitambaa, akalifuta gari lake vumbi kwa taadhima, kisha akawapandishia abiria wa Takaungu nauli kidogo, nao, kwa insafu yao, wakailipa.

Hata hivyo upendo wangu kwa 404 haunizuii kuitolea Volkswagen haki yake, ile ya mgongo wa duara ambayo maalim wangu wa hesabu aliinunua kuukuu kutoka kwa bwana shamba na akaendelea nayo mpaka alipostaafu. Injini ilikuwa nyuma, buti mbele, na maji hapana popote, kwa sababu ilipozwa kwa upepo. Basi kila tuliposimama kituo kigeni cha petroli, kijana wa zamu alifungua boneti kwa ukarimu ili akague maji, akakuta madaftari yetu ya mtihani na koti la maalim, akakifunga kifuniko kwa upole akaenda kumwita mkubwa wake. Zile za kale hazikuwa na kipimo cha petroli. Palikuwapo bomba dogo karibu na miguu, na gari likianza kusitasita, dereva aliligeuza kwa ncha ya kiatu akafungulia akiba. Maalim alituambia kwamba mtu aliyefunzwa na gari hilo hawezi kukosa unga nyumbani, na kwa kadiri nilivyomjua, hakupata kuukosa.

Kisa chake Volkswagen nakipenda kwa jambo moja zaidi. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, kiwanda cha Wolfsburg kilipokuwa chini ya jeshi la Uingereza, mabingwa wa viwanda vya Kiingereza walilichunguza gari lile wakaamua kuwa halina sura ya kumvutia mnunuzi wala mustakabali katika biashara, wakaliacha. Walikuwa wasomi, wenye tajiriba, wakalihukumu kwa uso wake. Mwaka 1972 idadi yake ikaipita ile ya Ford Model T, likaendelea kutengenezwa hata Julai 2003, lilipokoma huko Puebla, Mexico, likiwa limezidi milioni 21. Na katika Safari yetu lilishinda 1954, 1957 na 1962. Kila nionapo kijana akilicheka gari la mzee kwa sababu ya umbo lake, nawakumbuka wale mabingwa.

Habari za Land Rover sitazirefusha, kwa kuwa wasifuo wake ni wengi na kelele zake hujisifu zenyewe. Ilionyeshwa Amsterdam mwaka 1948, bodi yake ikifuliwa kwa aluminiamu kwa sababu chuma kilikuwa cha mgao baada ya vita, na sisi watu wa pwani tukavuna faida ya dhiki ile: upepo wa chumvi ulao kila kitu hauilambi aluminiamu kwa uroho ule. Lakini chesisi ni ya chuma, na kwa hiyo nimeona Kilindini na Likoni Land Rover ambazo bodi zake zilikuwa tayari kwa miaka mingine thelathini, ilhali chini yake mtu aliweza kupitisha kidole. Anunuaye Land Rover kuukuu mjini kwetu asipoteze wakati kuizunguka akiipapasa mbavuni. Atandike jamvi chini, alale chali, atazame.

Sasa nije kwenye ajabu kubwa. Palikuwa na daktari mmoja, mtu mpole mwenye kupenda muziki, aliyemiliki Citroën DS, gari ambalo lilipoonyeshwa Paris mwezi wa Oktoba 1955 lilipata maagizo 12,000 siku ile ya kwanza. Gari hili halikukaa juu ya springi za chuma. Lilikaa juu ya mafuta yaliyosukumwa kwa pampu na gesi iliyofungwa katika matufe, na asubuhi daktari alipoliwasha, liliinuka polepole kama ngamia aliyeambiwa safari imewadia, na watoto wa mtaa tuliokuwa tukingojea tamasha hilo tulipiga makofi, naye daktari akatupungia mkono. Kanyagio la breki halikuwapo. Palikuwapo kitufe cha duara sakafuni, ambacho dereva mgeni alikigusa kidogo tu akaona paji lake la uso limekaribia kioo. Tairi likipasuka, lilijiinua lenyewe, ukaweka kigingi, ukaliamuru lishuke, nalo likaikunja miguu ikabaki inaning'inia. Uzuri wa namna ile sijauona tena katika chombo cha magurudumu manne.

Msiba wake ulitokana na kimiminiko. Magari ya mwanzo yalitumia mafuta mekundu ambayo yalivuta unyevu wa hewa, na kuanzia 1966 kiwanda kikaleta mafuta mengine ya kijani, ya madini, yasiyofanya hivyo, jambo lililokuwa rehema kwa mji wenye hewa ya bahari. Lakini aina hizo mbili hazikuweza kuchanganywa, kwa maana mpira wa vizibo vya hii ulifura na kuharibika ukiguswa na ile. Gari la daktari lilikuwa la mafuta ya kijani. Siku alipokuwa safarini, gereji moja, ambayo jina lake nalisitiri, ililijaza mafuta ya kawaida ya breki kwa nia njema kabisa, na gari likakaa chini, wala halikuinuka tena mwaka ule. Tulikuwa na huzuni ya kweli mtaani. Hukumu yangu juu ya DS ni hii: ni gari tukufu, na yeyote aliyepata kulimiliki ana haki ya kujivuna, lakini nchi isiyo na mtu wa kulifahamu haikutendewa haki kwa kuletewa, wala lenyewe halikutendewa haki kwa kuletwa.

Wako wanaosema kwamba gari la mtumba, kwa vyovyote, ni mzigo alioutua mwenzio ukauokota wewe. Wanaosema hivyo hawajasikia kisa cha Volvo PV544 iliyoletwa na kiwanda chake kushindana katika Safari ya 1964, ikateswa, ikaachwa huku. Ikanunuliwa na Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, ambaye pamoja na ndugu yake Jaswant aliitengeneza, akaipanda katika Safari ya 1965, akashinda. Gari lilelile. Basi ila haimo katika kutumika; imo katika aliyetumia. Kwa hiyo ami alinifunza kuwa anayenunua gari kuukuu amtazame kwanza muuzaji, kisha atazame mpira wa kanyagio la klachi, kwa sababu kipimo cha maili huweza kurudishwa nyuma usiku mmoja, bali kanyagio lililolika halidanganyi. Atazame namna tairi zilivyoisha, upande mmoja au pande zote mbili. Anuse zulia, kwa kuwa gari lililopata kuzama majini huficha yote isipokuwa harufu. Na likiwashwa, azime redio. Dalali akiongeza sauti ya redio wakati injini inaanza, usiendelee kuuliza bei.

Zama zimegeuka, na magari yatufikiayo sasa Kilindini ni yale yaliyokwisha kutumika Japani, ambayo kwa Kenya sharti yasiwe yamepita miaka 8. Vijana hudhani mzee wa makamo yangu atayalaani. La. Nina manung'uniko nayo, ndiyo. Redio zake nyingi zilifanywa kwa masafa ya FM ya Japani, yaliyokuwa yakianzia megahezi 76 na kwisha 90, ilhali idhaa zetu zimejaa baina ya 88 na 108, hivyo mtu hununua gari zuri akaishia kusikiliza idhaa moja au mbili, apende asipende. Na gari la jirani yangu kila alfajiri alipoliwasha lilimsemesha kwa sauti ya binti mwenye heshima nyingi, naye, kwa kuwa ni mtu wa murua, akalijibu "Alhamdulillahi" kwa muda mrefu, mpaka baharia mmoja aliyezoea bandari ya Yokohama akamweleza kuwa binti alikuwa akimkumbusha tu kwamba hakutia kadi ya kulipia ushuru wa barabara za Japani. Jirani hakuona sababu ya kuacha kumjibu, nami namuunga mkono, kwa kuwa salamu haimpunguzii mtu kitu.

Lakini katika hayo yote liko moja ambalo nimelivulia kofia, nalo ni Toyota Probox, lililoanza kutolewa 2002 kwa kazi za maduka na maofisi ya kwao, gari lisilo na umbo la kusifiwa wala haya ya kulikosa. Nimeliona Voi likiwa na magunia ya vitunguu hadi darini. Nimeliona barabara ya Malindi, ileile, likiwa na abiria ambao idadi yao siitaji kwa heshima ya sheria. Nimeliona limefunguliwa boneti kando ya njia Gongoni, kijana wa miaka ishirini ameingiza mkono na spana, na baada ya muda mfupi likaondoka. Ami alikwisha fariki, lakini lau angaliliona, angaliliita ndugu wa 404, na hata wale wabishi wa Kilifi wangalinyamaza. Vijana wanaoliendesha wanadharauliwa na wenye magari ya fahari, na dharau hiyo si haki: wao ndio warithi halali wa kazi ile.

Basi ninalo ombi, nalo nalitoa kwa moyo wote. Wanunuzi wa chuma chakavu wanapita mitaani na vijijini na mizani zao, na kila wiki wanapakia 404, Volkswagen na Bedford zilizokuwa zimeegeshwa nyuma ya nyumba, kuku wakitaga ndani, na wenyewe wanapewa bei ya kilo. Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam yamehifadhi Rolls-Royce iliyomchukua Mwalimu Nyerere, nao wamefanya vyema. Lakini gari lililowachukua wagonjwa wa Malindi, maharusi wa Takaungu na karatasi za mitihani za watoto wetu halijapata kuwekwa mahali popote pwani hii likaandikwa jina na mwaka. Ewe msomaji, kama nyuma ya nyumba yenu liko moja, usiliuze kwa kilo kabla hujamwita fundi mzee alitazame. Na kama unamjua dereva wa zamani wa njia ya Kilifi, kaa naye uandike ayasemayo juu ya silinda, feni na foleni ya feri, pamoja na mabishano yao yote, maana waliobaki ni wachache na wengi wao wamepita miaka themanini.